Fizi Haikumpa Guevara Jina la Tatu

Wasomaji, mmesikia wanaodai kwamba jina la Tatu, alilotumia Che Guevara alipopigana huku kwetu mashariki mwa Kongo mwaka 1965, lilizaliwa Fizi. Pimeni hoja zao moja baada ya nyingine.

Wanasema Tatu ni cheo: Guevara alikuwa wa tatu katika uongozi. Ni kweli kwamba, kati ya Wacuba aliokuja nao, Víctor Dreke aliitwa Moja na José María Martínez Tamayo Mbili, na kwamba Dreke, Mcuba mweusi, ndiye aliyetajwa rasmi kuwa kamanda. Lakini amri zilitoka kwa Tatu. Halafu Óscar Fernández Mell, mnadhimu mkuu, hakupewa namba yoyote, aliitwa Siki. Hivyo ni vyeo gani vinavyomsahau mnadhimu mkuu?

Wanasema pia wapiganaji wa Kongo ndio waliompa jina. Lini? Wacuba walijichagulia majina Dar es Salaam, kamusi ya Kiswahili ikiwa mezani. Guevara aliposhuka Kibamba, upande wa Kongo, tarehe 24 Aprili, baada ya kuvuka ziwa kutoka Kigoma, alijulishwa kama Tatu, daktari na mkalimani wa Kifaransa. Na anayeshika hoja zote mbili anajifunga mwenyewe: msema Kiswahili akipanga vyeo huanza na «wa kwanza». Moja, mbili, tatu ni kuhesabu orodha.

Wengine wanadai ni jina la kivita la Waswahili. Pwani, Tatu ni jina la kike. Mswahili gani angempeleka komandoo vitani kwa jina la shangazi yake? Kosa hilo hulifanya mgeni mwenye kamusi.

Hoja ya mwisho: jina lilitunza siri yote. Lilimficha mtu, halikuificha Cuba. Tarehe 29 Juni, kwenye shambulio la ngome ya Bendera, Wacuba wanne waliuawa, na daftari la mmoja wao likaangukia mikononi mwa adui. Mamluki wa Mike Hoare walipoushambulia mji wa Baraka miezi michache baadaye, walishajua Wacuba wapo.

Hukumu ni yenu. Wanavijiji walimwita muganga kwa sababu aliwatibu. Anayetafuta jina alilopewa na watu wa Fizi na adai hilo. Namba aliingia nayo.