Karasha la Kahama mbele ya mkaguzi wa Harare

Wadau, ukitaja hataza watu wanawaza simu na madawa. Mi nawaza makarasha ya Kahama na Geita. Mafundi wetu wa kuchomelea kila siku wanabadilisha kitu ili jiwe la dhahabu lisagike haraka. Ubunifu huo ni wa nani?

Ombi unapeleka BRELA, au ARIPO kule Harare, maana Tanzania iliingia Itifaki ya Harare mwaka 1999. Mkaguzi anauliza: hiki ni kipya dunia nzima? Fundi mwingine asingekifikia kirahisi? Karasha lenyewe la zamani, hapo huna chako. Taja ulichobadilisha, tena kwa vipimo. Wajapani wanaoomba hataza za unga wa chuma wenye usumaku, ule wa kutengenezea mota na transfoma, wanabishana na wakaguzi mpaka asilimia ya silikoni! Sisi tukiandika "mashine bora" tunaona tumemaliza.

Kibaya zaidi, fundi anaifunga mashine mwaloni kila mtu aione, jirani anaiga, ndo anakumbuka kuomba. Upya unaweza kuwa umeshapotea hapo. SIDO ipo mikoani, kwanini isiwe na mtu wa kumwandikia fundi madai yake kabla hajauza la kwanza?