Boxer, TVS na dabi isiyo na refa

WIKI ya dabi ya Kariakoo, kijiwe cha bodaboda pale Manundu, Korogwe, hugawanyika mara mbili. Kwanza kwa rangi ya jezi. Halafu kwa jina lililoandikwa kwenye tangi la mafuta.

Huu mgawanyiko wa pili sisi watu wa mpira tunaupuuza. Tunakosea.

Wa Boxer watakwambia chuma chao hakifi, spea zake zipo hadi duka la kijijini, na siku ukitaka kukiuza hukosi mteja. Wa TVS wanacheka. Hoja yao ni mafuta: wanadai lita moja inakwenda mbali, tena abiria anashuka mgongo ukiwa salama. Pembeni wapo wa SanLG na Fekon, tuwaite timu za katikati ya msimamo, wanataniwa na pande zote mbili. Akipita bwana shamba na Honda XL, kijiwe kinanyamaza kidogo. Ile ni Ulaya.

Kichekesho ni kwamba Boxer ni ya kampuni ya Bajaj, makao yake Pune. TVS wana kiwanda Hosur. Zote India, nchi ambayo kriketi ndiyo dini ya mchezo. Vijana wa Korogwe na Handeni wanatokwa povu kwa dabi ya wenyewe wasiowajua. Lakini tumcheke nani? Mwaka 2017 Simba na Yanga zilisaini na mdhamini mmoja, SportPesa, na hatukuacha kununiana.

Tena wengi hawakuchagua timu. Pikipiki ni ya bosi. Kijana anapeleka hesabu kila siku, au yuko kwenye mkataba, analipa kidogo kidogo mpaka kadi iwe yake. Bosi akinunua TVS, na yeye ni TVS. Mwakani akipata bosi mwenye Boxer, utamsikia anaiponda ile iliyomlisha mwaka mzima. Wachezaji wa hivyo tunawajua. Msimu huu anabusu nembo ya Msimbazi, ujao yuko Jangwani anabusu nyingine.

Mbona basi kijiwe hakivunjiki? Jibu langu ni kwamba ile mistari miwili haipiti sehemu moja. Mtu wa Simba mwenye Boxer ana mwenzake wa Boxer ambaye ni Yanga damu. Asubuhi wako pamoja wanamshambulia wa TVS. Jioni yule wa Yanga anamnyooshea vidole vitano, kumkumbusha 5-1 ya Novemba 5, 2023, na sasa anayemtetea ni yule yule wa TVS waliyemshambulia asubuhi, kwa sababu ni Simba mwenzake. Hakuna aliye adui wa mtu kwa kila kitu. Siku Boxer zote zikiwa Simba na TVS zote zikiwa Yanga, hapo nitaogopa.

Kingine ni barabara yenyewe. Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 hivi, na cheni haichagui pa kukatikia. Ikikatika usiku, katikati ya pori, hakuna anayeuliza wewe ni wa tangi gani. Anayepita anasimama, anatoa spana. Ikishindikana, anaweka mguu wake kwenye kikanyagio cha pikipiki mbovu na kuisukuma mpaka kwa fundi, yake inaunguruma, ya mwenzake imezimwa. Nimeona Boxer ikiisukuma TVS hivyo hadi Chanika mjini Handeni. Utani ulianza tena walipofika kwenye taa, na ulikuwa mkali.

Ninachokihofia mimi ni ligi, na siyo ya TFF. Kuwekeana ligi barabarani. Mechi imeisha, mmoja kafurahi, mwingine kanuna, wanatoka kibanda umiza wote wanaelekea njia moja. Anatokea mtu anasema pikipiki yako haiwezi kuipita yangu. Basi. Hoja ambayo mchana ilikuwa ya mafuta na spea, usiku inaamuliwa kwa kuvuta mafuta hadi mwisho, kofia ngumu imetundikwa kwenye kioo, na wakati mwingine nyuma kuna abiria aliyelipa nauli afike nyumbani tu. Dabi ya Kariakoo ina refa na dakika 90. Hii haina vyote viwili, na lori likitokea mbele halijui nani alikuwa anaongoza.

Polisi hawawezi kukaa kila kona. Kijiwe kinaweza. Vijiwe vingi vina mwenyekiti, vina mweka hazina, vina mfuko ambao mwenzao akilazwa au akifiwa wanachanga. Mfuko huo huo utoze faini kwa anayeweka ligi akiwa na abiria, hela ilipwe kabla hajarudi kwenye foleni. Na mwenyekiti asiangalie tangi. Wala jezi.