Kuonja Si Kula

Umezuka katika miji ya pwani mtindo wa watu kuzunguka katika mikahawa midogo na maduka ya mikate ya wenyeji kwa nia ya kuonja. Mji Mkongwe wa Unguja umekuwa uwanja mkubwa wa mchezo huo. Nia yenyewe haina lawama. Mtu aliyezaliwa Vikokotoni akatamani kujua mkate wa Malindi una ladha gani anastahili sifa kuliko yule azeekaye bila ya kuvuka kichochoro kinachotenga mtaa wake na mtaa wa pili. Lawama imo katika namna ya kuonja kwenyewe.

Mwonjaji wa siku hizi huingia mkahawani mara moja maishani mwake. Huketi robo saa, hula nusu ya alichoandaliwa, nusu ya pili huipiga picha mpaka ikapoa, kisha hutoka na hukumu iliyokwisha kukamilika: nyota mbili kati ya tano. Hukumu hiyo huenea katika simu za watu ambao hawajapata kutia kinywani hata tonge moja ya mahali pale, nao wakipita mlangoni hugeuza nyuso. Kadhi mwenye kuijua kazi yake hahukumu kabla ya kusikiliza pande mbili. Mwonjaji hutoa hukumu chai yake ingali inatoa mvuke, na upande wa pili, yaani mwanamke aliyeamka saa tisa ya usiku kukuna nazi, hauulizwi neno.

Kosa lake kubwa ni kutojua saa. Chakula cha Unguja si bidhaa ya rafu ingojayo mnunuzi wakati wowote. Kina nyakati zake kama sala zilivyo na nyakati zake. Mkate wa boflo hutafutwa alfajiri. Mkate wa mofa, ambao asili yake ni unga wa mtama, hutaka kuliwa ungali na joto la tanuri, pamoja na pweza au mchuzi. Ukilala hugeuka kigae. Urojo, pamoja na bajia zake, kachori zake, viazi vyake na chatne ya nazi, ni chakula cha alasiri kwenda jioni. Mkate wa ufuta una mwezi wake mtukufu, na katika mwezi huo una saa yake, jua likielekea kuzama. Basi mwonjaji hufika saa nane mchana, huuliza mkate uliotoka motoni saa kumi ya alfajiri, hupewa uliobaki, kisha huandika kwamba mkate wa mahali hapa ni mkavu. Mtu aendaye Darajani magharibi kutafuta samaki wa asubuhi hailaumu bahari. Wachekeshao zaidi ni wale wafikao adhuhuri ya Ramadhani, wakakuta milango imefungwa, wakatangaza kuwa mji hauna chakula. Na lau wangengoja adhana ya magharibi wangeona chakula kingi kuliko walichopata kukiona kwao.

Uchukuliwe mkate wa kumimina kuwa mfano. Mchele hurowekwa usiku kucha. Husagwa pamoja na tui la nazi, hamira na iliki mpaka ukawa uji laini; huachwa uumuke; hutiwa sukari na ute wa yai; kisha humiminwa, na hiyo ndiyo asili ya jina lake, katika sufuria iliyopakwa mafuta, ukaokwa kwa moto wa chini na makaa ya juu ya kifuniko. Kila hatua ina mtego wake. Siku ya baridi uji huchelewa kuumuka. Siku ya joto huumuka kupita kiasi ukachacha. Nazi changa hutoa tui jepesi. Makaa yakizidi juu, uso huungua na moyo ukabaki mbichi. Mwanamke aokaye kwa kuuza hushindana na mambo haya kila siku ya Mungu, bila ya chombo cha kupimia joto isipokuwa kiganja chake. Siku nyingi hushinda, siku chache hushindwa kidogo. Mwonjaji akiangukia moja ya siku hizo chache, huifanya kuwa sura ya mwaka mzima.

Ndiyo maana mteja wa kweli haonji, hurudi. Kwa kurudi hujua kuwa biriani ya Ijumaa huisha upesi, na kuwa mpishi aliyenyamaza leo ana mgonjwa nyumbani. Kwa kurudi hupata vilevile haki ya kukosoa. Mteja wa miaka mitatu akisema, "Bi mkubwa, mkate wa leo haukuumuka vizuri," neno lake huurekebisha mkate wa kesho. Neno lilo hilo likiandikwa na mpita njia huharibu biashara ya msimu mzima na halimfundishi mpishi kitu, kwa sababu aghalabu halimfikii. Yeye huona tu kwamba wateja wamepungua.

Wala isidhaniwe kuwa sifa za mwonjaji zina heri kuliko lawama zake. Mkahawa uliopewa nyota tano hufurika watu waliokuja kwa ajili ya nyota. Bei hupanda, pilipili hupunguzwa ili wageni wasitokwe na machozi, na mchukuzi aliyekuwa akila pale kila adhuhuri hukosa benchi la kukalia. Mwenye mkahawa hufurahi, na ni haki yake kufurahi. Kisha huja mwaka kama 2020, wageni wakakatika kwa sababu ya maradhi ya korona, na nyumba nyingi zilizoishi kwa wageni zikafunga milango. Wenye nyota hawakurudi kuuliza mpishi anakula nini. Mkate wa alfajiri, usiopewa nyota na mtu yeyote, uliendelea kuokwa, kwa kuwa mwenyeji hana mji mwingine wa kuhamia.

Mwonjaji huipenda Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya na Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na jioni ni mahali pa kupendeza: upepo wa bahari, taa, juisi ya miwa iliyotiwa tangawizi na ndimu, na ule mkate mwembamba uliokunjwa juu ya nyama na yai ambao huitwa pizza ya Zanzibar. Wauzaji wake wanatafuta riziki ya halali na hapana wa kuwazuia. Lakini Forodhani ni baraza ya mji, si jiko lake, na mtu aliyeketishwa barazani akapewa kashata hawezi kwenda kwao akasema kuwa ameijua nyumba. Heri Lukmaan, mkahawa wa Mkunazini usio mbali na kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Pale vyakula viko wazi mbele ya macho, mlaji huonyesha kwa kidole akitakacho, na mgeni hujikuta meza moja na karani. Mgeni mwenye akili hutazama kwanza sahani ya karani.

Itaulizwa: na usafi je? Swali ni la haki na halifai kupuuzwa. Wakati wa kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016 uuzaji wa vyakula barabarani ulipigwa marufuku kwa muda katika Unguja, na hapana mtu mwenye huruma awezaye kuwacheka walioogopa. Lakini kipindupindu huenea kwa maji na chakula vilivyochafuliwa, na hakiogopi mlango wa kioo. Anayetaka usafi na adai kwanza kuwa bomba la maji lifike jikoni na taka zizolewe mtaani. Kisha adai sabuni pale anapokula, kwa sauti, akiwa mteja anayejulikana kwa jina. Ama yule aukimbiaye mkahawa kwa sababu ya benchi lililochubuka rangi, akaingia mahali penye kitambaa cheupe mezani bila ya kuuliza jiko liko wapi, huyo hakutafuta usafi. Alitafuta kuonekana.

Wengine huleta hoja ya uhakika. Husema kuwa nyumba kubwa zenye matawi hutoa ladha ile ile kila siku na katika kila mji, ilhali kwa mpishi mdogo leo ni hivi na kesho ni vile. Ni kweli, na kweli hiyo ina bei yake. Katika nchi jirani ya Kenya, mwezi wa Januari mwaka 2022, maduka ya KFC yaliishiwa viazi vya kukaanga kwa kuwa viazi vyenyewe vililetwa kutoka nchi za nje na shehena ilichelewa. Na hali nchi hiyo hiyo ina wakulima wa viazi wa Nyandarua. Watu walipiga kelele, na kampuni ikaahidi kutafuta viazi vya nchini. Uhakika wa namna hiyo ni uhakika wa meli. Muuza urojo hana meli ya kungojea: muhogo wake umetoka shamba, nazi yake shamba, ndimu yake shamba, na pweza wa jirani yake ametoka katika miamba ya Jambiani, ambako wanawake humtafuta maji yakiwa yamekupwa. Shilingi iliyoachwa katika bakuli lake haina safari ndefu.

Ngano ni habari nyingine, na mwenye kutetea maduka madogo ya mikate asiifiche. Ngano haioti Unguja. Vita vya Urusi na Ukraine vilivyopamba moto Februari 2022 vilipandisha bei yake duniani, na mwoka mikate mdogo, asiye na ghala la kuweka unga wa miezi sita, akawekwa kati ya mawili: kupandisha bei au kupunguza uzito. Mwonjaji aliona mkate umepungua akashuku wizi. Aliuona mkate, hakuliona gunia.

Baki ya lawama ni ya watu ambao dhambi yao si kuonja vibaya bali kutokula kabisa, nao ni wasomi wa mji wenyewe. UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo mlango wa nakshi ukiguswa, watu wa kuutetea hupatikana. Ni vyema. Tanuri likizimwa hapana asemaye neno, kwa kuwa tanuri halina nakshi. Wasomi huomba kwamba vyakula navyo viandikwe, wakitaja nsima ya Malawi iliyoandikwa mwaka 2017, wali wa samaki wa Senegal ulioandikwa mwaka 2021, na mkate mrefu wa Wafaransa ulioandikwa mwaka 2022. Ombi si baya. Lakini Mfaransa hakungoja mwaka 2022 ndipo aanze kununua mkate wa mtaani kwake; aliununua asubuhi baada ya asubuhi, hata siku ile ya kuandikwa ulipotafutwa ulikuwapo. Msomi wa Unguja hutoa hotuba nzuri juu ya mkate wa mofa, kisha akirudi nyumbani hupitia duka kubwa akanunua mkate uliokatwa vipande na kufungwa mfukoni, kwa kuwa hukaa siku nyingi bila ya kuota ukungu. Watoto wake hawaijui harufu ya tanuri. Mtoto wa mwoka mikate huyaona haya yote. Humwona baba yake akisifiwa mkutanoni na kupitwa mlangoni, naye akifika umri wa kuchagua kazi huchagua kuendesha gari la watalii. Nani atamlaumu? Akiulizwa siku moja na mtafiti mwenye daftari kwamba ule mkate wa babake ulikuwa ukikandwa vipi, atajibu kuwa hakupata kujifunza, na mtafiti ataandika kwa huzuni kwamba vijana wameacha asili.

Aibu nayo ina sehemu yake, ijapokuwa haisemwi. Wapo watu wenye vyeo walioleewa kwa vitumbua vya jirani, ambao leo humtuma mtoto akavinunue, wao wenyewe wasionekane wamesimama mbele ya karai. Kinywa bado chakumbuka. Viatu ndivyo vikataavyo.

Basi atakaye kuujua mji kwa kinywa na achague mtaa mmoja, si mitaa kumi kwa siku mbili. Ale hapo mwezi mzima. Aulize jina la mpishi kabla ya kuuliza kilichomo chunguni, na kama siku ya kwanza amepewa mkate uliochacha, arudi siku ya tatu. Simu aiache mfukoni mpaka watu wa benchi lile wamzoee. Mkate wa asubuhi aununue asubuhi. Na akienda achukue fedha ndogo ndogo, kwani saa kumi na moja ya alfajiri muuza mikate hana chenji ya noti ya shilingi elfu kumi.