Kwa Lenzi ya 85 Utasimama Wapi Kibera?

Anayedai kwamba mwenye kamera ya fremu kamili lazima aanze na milimita 85 ya f/1.4 kwa picha za watu, kisha anunue makro ya 100 kwa vitu vidogo, anazungumzia studio. Chumba cha kawaida Kibera ni futi 10 au 12 kila upande. Kwa lenzi ya 85, hata ukisimamisha kamera wima, mtu wa mita 1.7 anataka umbali wa zaidi ya mita 4 ndipo aonekane kichwa hadi unyayo. Utarudi nyuma utoboe mabati? Lenzi ya 35 yamtosha kwa mita 2. Ila usimkaribie sana usoni, pua itavimba.

Nje, kwenye vichochoro vya Kawangware, makro hiyohiyo ya 100 hupiga uso vizuri, halafu inasogea hadi sentimita 30 hivi kuonyesha nakshi za mkufu wa mfupa wa ng'ombe, kama ule unaochongwa Kibera. Na ukungu wa mandharinyuma wa f/1.4 unaosifiwa? Unafuta duka, jirani na mtaa wenyewe. Nunua 35 na makro; ya 85 waachie wenye studio.