Usalama wa Viwanda vya Plastiki na Mpira Uanzie Kwenye Mashine

Ajali inapotokea katika kiwanda cha plastiki au mpira, ni rahisi kusema kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe au hakuvaa vifaa vya kujikinga. Kauli hiyo humtwisha mwendesha mtambo mzigo wa mwenye mtambo, ilhali kanuni ya msingi ya usalama kazini inataka hatari iondolewe kwanza kwenye chanzo chake, kisha ndipo glovu na barakoa zifuate kama kinga ya mwisho.

Mashine ya rola mbili, ambayo huchanganya mpira mbichi na salfa pamoja na masizi laini kabla haujapashwa moto ukakomaa, inadhihirisha jambo hilo. Rola zake huzunguka zikielekeana, na glovu iliyokusudiwa kumkinga anayelisha mpira kwa mkono huweza kunaswa zinapokutana, ikauvuta mkono mzima. Kinachomwokoa ni upau wa dharura uliowekwa usawa wa mwili wake, ambao akiusukuma husimamisha rola.

Ni kweli kwamba kinga za namna hiyo zina gharama, na mwenye karakana ndogo huweza kuona zinamzidi uwezo. Hata hivyo, nchini Marekani, ilipobainika mwaka 1974 kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja mjini Louisville walikufa kwa saratani adimu ya ini iliyotokana na vinili kloridi, gesi inayotengenezewa plastiki ya PVC, serikali ilishusha kiwango kinachoruhusiwa hewani kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi sehemu 1. Wenye viwanda walionya kwamba sekta ingekufa. Badala yake waliziba mitambo isivujishe gesi, na uzalishaji ukaendelea.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri, na wakala wa serikali, OSHA, ndio unaokagua. Lakini kibarua wa kutwa, anayeweza kukosa kazi kesho yake, ni vigumu akatae mashine isiyo na kinga. Kwa hiyo mkaguzi ndiye anayepaswa kukataa kwa niaba yake. Mwenye karakana ndogo apewe ushauri na muda wa kurekebisha mengine, lakini asiruhusiwe hata siku moja kuendesha rola zisizo na upau wa dharura.