Wageni wa Biashara na Kumbi za Jiji Letu

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapokaribia kwisha, wageni wa biashara huanza kuwasili Dar es Salaam kwa ajili ya Maonyesho ya Sabasaba katika viwanja vya barabara ya Kilwa. Mchana huzunguka mabandani. Asubuhi na jioni huketi na wenyeji wao kupatana juu ya korosho, pamba, saruji, mashine na mikopo. Mashirika yetu, vyama vya ushirika na ofisi za umma hujiuliza wakati huo swali lililo dogo kwa sura yake: tuwapokee wapi? Na jibu, kwa miaka mingi sasa, limekuwa moja. Hotelini.

Twavijua vyumba hivyo, kwa maana nasi tumeketi ndani yake. Havina dirisha. Baridi yake ni ya ghala la samaki. Ukutani pametundikwa picha ya chui asiyejulikana ni wa mbuga gani. Mgeni hufika usiku kutoka uwanja wa ndege, akaamkia humo, akala humo, akatia sahihi humo, na siku ya tatu akarudi kwao. Akiulizwa nyumbani kwake Dar es Salaam ni mji wa namna gani, atajibu kwamba barabarani kuna joto na ndani kuna baridi.

Hatuna ugomvi na hoteli. Wamo humo wapishi, madobi na watandikaji vitanda ambao ni ndugu zetu wafanyakazi, na riziki yao ni halali. Mgeni lazima alale, na karatasi zake lazima zipigwe chapa. Ugomvi wetu ni na yule aliyekabidhiwa kazi ya kuchagua mahali, naye akachagua kwa mazoea: akanyanyua simu, akauliza bei ya kichwa kimoja, akaona kazi yake imekwisha. Rais Magufuli, alipolifungua Bunge mwezi wa Novemba mwaka 2015, alizikemea semina na makongamano yasiyo ya lazima. Lakini mkutano ulio wa lazima nao una swali lake, nalo si la fedha peke yake.

Wazee wa jiji hili walifahamu kwamba mahali pa mkutano ni sehemu ya mkutano wenyewe. Mwaka 1953 wanachama wa TAA walikusanyika katika ukumbi wa Arnautoglu, ule ambao watu wa Mnazi Mmoja huuita Anatoglo, wakamchagua Julius Nyerere kuwa rais wa chama chao. Mwaka uliofuata chama hicho kikawa TANU. Mwaka 1974, Mkutano Mkuu wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulipofanyika nchini, wajumbe waliketi katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapakuwa na haja ya kumweleza mjumbe yeyote kwa nini amepelekwa huko. Jina la ukumbi lilitosha.

Sasa na tuitazame mitaa yenyewe. Yupo Karimjee, jengo lililotolewa zawadi na ukoo wa wafanya biashara, ambamo Bunge letu lilikutana kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma. Watu wengi siku hizi hulijua kwa mambo mawili: arusi, na kuwaaga viongozi waliofariki. Twauliza: ni nani astahiliye kuketi humo kujadili bei ya korosho kuliko mfanya biashara? Hatua chache kutoka hapo ipo Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893, yenye vivuli ambavyo hakuna hoteli iwezayo kuvinunua. Na kando ya bustani, katika mtaa uitwao kwa jina la Shaaban Robert, yapo Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 na baadaye kuongezwa Nyumba ya Utamaduni yenye ukumbi wa maonyesho.

Tumemsikia afisa mmoja akisema kwamba makumbusho ni mahali pa watoto wa shule. Hatujui yeye mwenyewe aliingia lini mara ya mwisho. Angaliingia na mgeni wake angalimwonyesha habari za fuvu lililofukuliwa na Mary Leakey huko Oldupai mwaka 1959, fuvu la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Hilo lastaajabisha, lakini kwa mtu wa biashara kuna kubwa zaidi. Vimo vitu vilivyochimbuliwa Kilwa, na miongoni mwake mna vipande vya vyombo vya udongo vilivyotoka China karne nyingi zilizopita. Kilwa iliyonunua vyombo hivyo ilikuwa ikipiga sarafu zake yenyewe za shaba, na Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliukuta mji wenye kusifika. Mwakilishi wa kiwanda cha China, au tajiri wa Muscat, akisimama mbele ya vipande hivyo, atafahamu bila hotuba kwamba pwani hii haikuanza kufanya biashara jana, wala haikufundishwa bei na mtu yeyote. Kisha mketishe chini mpatane. Twaamini atazungumza kwa sauti nyingine.

Hii ndiyo faida ambayo haiandikwi katika hesabu za mhasibu. Upande wetu, mara nyingi, huingia katika mapatano kama mwombaji, kwa sababu chumba chenyewe ni cha kukodi na kila kilichomo kimetoka kwingine, hata maji ya kunywa. Mwenyeji aliye nyumbani kwake huketi vingine.

Lakini yatupasa kuchagua kwa kulinganisha mahali na shauri lenyewe, si kwa kufuata mtindo. Mkutano wa watu elfu moja hauwezi kuingia katika ukumbi wa makumbusho. Huo una kituo chake, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kilichofunguliwa mwaka 2013. Wanunuzi wa vinyago, mikeka na ususi wapelekwe Makumbusho ya Kijiji, barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa miti, udongo na nyasi kama zilivyo kwao; wakitoka hapo si mbali kwenda Mwenge kwa wachongaji wenyewe. Mwenye kununua picha afike kwa wachoraji wa Tingatinga, ambao wana chama chao cha ushirika, akazungumze bei na mwenye brashi mkononi. Na mwenye kuuza vitambaa, sabuni au vyombo vya jikoni hana chuo kikubwa kuliko Kariakoo. Soko kubwa la hapo lilichorwa na Beda Amuli, msanifu Mtanzania. Likaungua mwaka 2021, wala biashara ya mitaa ile haikufa. Saa moja ya kutembea Kariakoo asubuhi itamfunza mgeni mambo ambayo hatayapata katika makabrasha ya siku nzima. Avae viatu vya kutembelea tu.

Pana mahali pengine, hata hivyo, ambapo mgeni apelekwe ila asiketishwe mezani. Katika Makumbusho ya Taifa mna kumbukumbu ya watu waliouawa na bomu la ubalozi wa Marekani mwaka 1998. Bagamoyo kuna habari za misafara na za watumwa, na Kaole kuna makaburi. Tumewahi kuona mahali pa namna hiyo pakiwekwa meza, glasi na mapambo, watu wakicheka juu ya asilimia za faida. Twasema haifai. Mgeni apelekwe akiwa ametulia, aelezwe, anyamaze kidogo, arudi. Mapatano yangoje hata kesho.

Tumefika kwenye jambo linalotuuma zaidi kuliko kuta na mapaa, nalo ni wasanii. Mara nyingi ofisi ikiambiwa iweke utamaduni katika mkutano wake, huagiza ngoma. Tulialikwa karamu moja ya namna hiyo. Kikundi kiliitwa saa nane mchana. Kilikaa nyuma ya jiko, juani, hata saa moja ya usiku. Kikaingizwa wakati wageni wanapakuliwa chakula, kikacheza dakika sita, mfereji wa sauti ukiwa kwa mshereheshaji ambaye hakunyamaza hata mara moja, kikatolewa. Wazee wawili miongoni mwao walikuwa wapiga ngoma wa miaka mingi. Tulipomwuliza kiongozi wao juu ya malipo, alisema wamepewa nauli na soda, na kwamba hundi ipo mezani kwa mhasibu. Wiki saba baadaye hundi ilikuwa bado iko mezani. Maua yaliyopamba ukumbi huo, twaarifiwa, yalilipwa siku hiyohiyo.

Mpiga ngoma ni mfanyakazi. Katika nchi hii jambo hilo halikupaswa kuwa geni, kwani bendi kongwe tuliyo nayo ilizaliwa katika chama cha wafanyakazi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Sikinde nao, Mlimani Park, walilelewa na shirika la umma la jiji, DDC. Wanamuziki hao walikuwa na mshahara. Ofisi inayotaka ngoma, taarabu au dansi katika mkutano wake iandike mkataba, itaje saa ya kufika na saa ya kuondoka, iwape watu hao kivuli na chakula, iwalipe kabla hawajapanda gari. Na iwape nafasi ya kusikilizwa. Nusu saa baada ya shughuli, sahani zikiwa zimeondolewa, mtu mmoja akieleza kwa maneno machache ngoma hiyo ni ya nani na huchezwa wakati gani, humwingia mgeni zaidi ya vikundi vitano vya kupokezana mlangoni.

Lakini haki haitakuwa kamili tukiwalaumu wenye kuchagua peke yao. Wenye kutunza kumbi nao wana deni. Twamjua katibu wa chama kimoja cha ushirika aliyetaka kwa moyo wake wote kukwepa hoteli. Aliandika barua kwa ukumbi mmoja wa umma, asijibiwe. Akaenda mwenyewe, akaambiwa mhusika yuko semina. Aliporudi mara ya tatu alipewa bei kwa mdomo, na siku ya mkutano akakuta mikrofoni moja yenye kukoroma, jenereta isiyo na mafuta, na choo kilichofungwa ambacho ufunguo wake alikuwa nao mtu aliyekwenda Kibaha. Mwaka uliofuata alikwenda hotelini, na hatuwezi kumlaumu. Uzuri wa historia haumfai mtu anayetafuta choo.

Kwa hiyo twazitaka kumbi za umma za jiji hili zifanye mambo ambayo hayahitaji mkopo wa nchi yoyote: bei ziandikwe na kubandikwa mlangoni; barua ijibiwe ndani ya wiki moja; pawe na mtu mmoja mwenye funguo zote, naye awepo. Na mashirika yatakayopokea wageni Sabasaba ijayo yasingoje mwezi wa Juni. Waende sasa Karimjee, waende Shaaban Robert na Kijitonyama, wakapime viti, wajaribu mikrofoni, wawashe jenereta. Wakiwa huko wapite kwa mhasibu wao pia, wamwulize kama kuna hundi ya kikundi cha ngoma ambayo bado iko mezani.