Uchaguzi wa 2028: Kolwezi isingoje waangalizi wa siku moja

Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulipangwa uwe wa siku moja. Sehemu nyingi za Kongo ulichukua siku kadhaa. Biro nyingine zilifunguliwa jioni, mashine za kupigia kura zilikwama au hazikufika, na nyingine zikaonekana katika nyumba za watu binafsi. Mwezi uliofuata CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine. Yote hayo yalijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa ndani ya biro kutoka asubuhi mpaka usiku, wakiandika kila walichokiona. Wengi wao walitumwa na makanisa, chini ya misheni ya pamoja ya CENCO ya Wakatoliki na ECC ya Waprotestanti.

Kazi yao ilikuwa ya maana, na anayeidharau hajui nchi hii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, waangalizi wa CENCO, karibu 40,000, ndio walioliwezesha Kanisa kusema wazi kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale waliyoyakusanya. Hakuna chama wala ubalozi uliokuwa na macho mengi kiasi hicho.

Ila kwa Kolwezi kuna jambo ambalo mwangalizi wa biro hawezi kuliona, hata awe na macho manne. Hapa damu haijawahi kumwagika kwa sababu ya fomu ya matokeo iliyoandikwa vibaya. Ilimwagika mtaani, kati ya jirani na jirani, na siku ya kura haikuwa hata karibu.

Wenye umri wanakumbuka. Agosti 1992, kule Kinshasa, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtoto wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Ilikuwa kura halali, iliyopigwa na wajumbe ukumbini, mbali sana na migodi. Wiki chache baadaye Wakasai wa Likasi walikuwa wanafukuzwa majumbani. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Vijana wa JUFERI walipita nyumba kwa nyumba. Maneno ya Gavana Kyungu wa Kumwanza yalikuwa yamekwisha kuwaandalia njia kwa miezi mingi. Watu waliozaliwa hapa, waliofanya kazi Gécamines na SNCC maisha yao yote, walilala stesheni wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga, mahali ambapo watoto wao hawakuwahi kupaona. Wengi walifia stesheni na ndani ya mabehewa, kwa njaa na magonjwa.

Hiyo ndiyo historia ya uchaguzi katika mji huu, na haifundishwi shuleni. Wakasai wengi wamerudi tangu wakati ule, na wengine wapya wamekuja kufuata kobalti. Kasulo, Musonoi na Kapata, watu wa pande zote wanachimba shimo moja na kugawana mfuko mmoja wa mawe. Lakini kampeni inapofika, lile swali linarudi: wewe ni mtoto wa wapi? Mwaka 2023 lilirudi kwa nguvu, maana Rais aliyekuwa anagombea ni mtoto wa Tshisekedi yuleyule, na mpinzani wake mkubwa upande huu alikuwa Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga.

Kuna watu wa Afrika Mashariki waliopita njia hii hii, na kazi yao inafaa kujulikana Lualaba. Ni Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka. Kanisa lao lilianza Uingereza katika karne ya 17, nalo linakataa vita vya kila aina. Kenya lilifika Kaimosi mwaka 1902, na leo nchi hiyo ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Burundi wapo, Rwanda wapo, na hapa kwetu wapo Kivu Kusini, upande wa Uvira na Abeka kando ya Ziwa Tanganyika. Wasiowajua wanadhani ni watu wa kukaa kimya wakingoja Roho. Marafiki wa Kenya huimba na kuhubiri kama kanisa lingine lolote la huko.

Mwaka wa 2007 ulipokwisha, matokeo ya urais wa Kenya yalitangazwa na nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na wapatao 600,000 walihama makwao. Moto huo uliwaka hasa Bonde la Ufa, na ukafika Turbo na Lugari, ambako Marafiki ni wengi. Hapo ndipo penye fundisho. Nyumba za Wakikuyu zilizochomwa Lugari zilikuwa katikati ya majirani Waluhya, na Waluhya ndio wengi katika Kanisa la Marafiki. Kanisa linalohubiri amani kwa zaidi ya miaka 100 lilijikuta linaishi pembeni mwa majivu.

Januari 2008, wakati barabara nyingine bado zimezibwa, viongozi wao walikutana Kakamega. Pale wakaunda kikundi cha kazi ya amani, wakaanza na kambi ya waliohama ya Turbo: kwanza chakula na mablanketi, baadaye mazungumzo. Ndipo wakafanya kitu ambacho makanisa mengi hayafanyi. Hawakuondoka amani ilipotiwa saini Nairobi Februari 28. Waliendelea mwaka hadi mwaka na semina ndogo za siku tatu, watu wapatao ishirini kwa mara moja, nusu upande huu na nusu upande ule, wanakula pamoja na kusimulia yaliyowapata. Mtindo huo ulitoka Rwanda na Burundi, ambako Marafiki walikuwa wanawakalisha Wahutu kumi na Watutsi kumi chumba kimoja.

Kuelekea uchaguzi wa Machi 2013 waliongeza jambo lingine. Walifundisha watu wa kawaida vijijini, pamoja na upande wa Mlima Elgon, kutuma ujumbe wa simu wakisikia uvumi, vitisho au mpango wa kupigana, ili mtu wa karibu aende kuuliza ukweli kabla panga halijanolewa. Baadhi yao walisimama biro pia kama waangalizi, ila hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya kazi.

Kolwezi inahitaji jambo la namna hiyo. Sauti moja ya WhatsApp isiyojulikana imetoka wapi, ikisema vijana wa kabila fulani wameonekana na petroli, inafika Manika na Dilala kabla polisi hawajavaa viatu. Nani ataijibu? Gavana akiijibu, nusu ya mji haitaamini. Mama anayeuza unga sokoni, anayejulikana na pande zote, akisema "nimetoka kule sasa hivi, hakuna kitu", ataaminiwa. Mama huyo hapatikani siku ya kura. Anatafutwa na kuandaliwa mwaka mzima kabla.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ya amani ni dawa ya usingizi, na hawajakosea kabisa. Katika nchi hii, mwenye madaraka akisema "tulinde amani", mara nyingi maana yake ni "nyamazeni". Hata Kenya, mwaka 2013, wapo waliolalamika kwamba kila aliyeuliza habari ya hesabu ya kura aliambiwa anataka kurudisha damu. Mtu wa Kolwezi anayeishi bila maji na umeme wa uhakika, huku malori ya shaba yakipita mbele ya mlango wake usiku na mchana, ana haki ya kukasirika kura yake ikiibiwa. Kumwomba avumilie tu ni kumtukana.

Ndiyo maana kazi ya Marafiki wa Kenya isichukuliwe nusu. Pamoja na semina za upatanisho, walianzisha na wenzao wa Uingereza mafunzo ya kudai haki bila kupigana: namna ya kujipanga, kuandika malalamiko, kuandamana bila kumpa polisi sababu ya kupiga risasi, kumbana kiongozi mpaka ajibu. Hapa kwetu sheria ya uchaguzi inataka matokeo ya kila biro yabandikwe nje ili kila mtu ayasome. Ni wangapi Lualaba waliwahi kwenda kuyasoma, au kuyapiga picha, au kuuliza kwa nini hayakubandikwa? Amani ya kweli ingeanzia pale ukutani, kwa watu wa pande zote mbili wanaosoma karatasi moja.

Swali la pesa nalo halikwepeki. Lualaba mtu akiitwa kwenye mkutano anauliza kwanza transport. Mgombea anagawa fulana, bia na franga kidogo, na kijana asiye na kazi anakuwa wake mpaka siku ya kura, awe mpiga kelele au mpiga mawe. Kikundi cha kujitolea kitashindana vipi na hilo? Kwa pesa hakitashinda hata siku moja, na kisijaribu. Kikianza kulipa posho, mgombea mwenye mfuko mkubwa atakinunua kizima kizima. Wanaofaa ni wale ambao tayari wana heshima ya kulinda: wamama wa vikundi vya akiba, walimu, wazee wa mashimo ambao wachimbaji huwaendea wakigombana. Wapewe unite za simu, na bukari wakati wa semina. Basi.

Wala asitokee mtu wa kusema kwamba kanisa fulani lina damu safi kuliko mengine. Burundi, Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya uchaguzi ulioonekana kwenda vizuri, Rais Ndadaye aliuawa, na pale Kibimba, kwenye misheni ya Marafiki wenyewe, makumi ya wanafunzi Watutsi walichomwa moto. Mkuu wa shule alihukumiwa na kunyongwa kwa kuhusika. Kamati ya amani ya Kibimba, inayosifiwa mpaka leo, ilizaliwa kutoka pale, na watu waliojua kanisa lao lilifeli.

Kolwezi haina haja ya kungoja Wakweka waje. Wamethodisti wapo, Wagaranganze wapo tangu zamani za Msiri, Wakatoliki wana paroki kila kona, Wapentekoste usiseme. Wote wana kumbi, na wote wana waumini Wakasai na Wakatanga wanaopeana mkono Jumapili bila kuulizana walikuwa wapi mwaka 1993. Kuna makanisa mjini ambako aliyefukuzwa na aliyefukuza wanakaa benchi moja, na mapadri na wachungaji wanajua, na hawasemi.

Wanaodhani muda bado mrefu waangalie kalenda ya mara iliyopita. Kura ilikuwa Desemba 2023, lakini uandikishaji ulifika upande huu Januari ya mwaka ule, karibu miezi kumi na moja kabla. CENI ikifuata mwendo huo huo, foleni za kadi zitakuwa Kolwezi mwanzoni mwa 2028. Na katika foleni hizo, ambapo mtu anasimama mbele ya mwenzake kutaja jina lake, la baba yake na mahali alipozaliwa, ndipo lile swali la "wewe ni mtoto wa wapi" huanza kuulizwa kwa sauti.